Mwalimu wa Maini

Jina lake silitaji. Nimelijua tangu nikiwa kidato cha kwanza, nimeliandika juu ya madaftari yangu yote ya Biolojia, na hata leo nikisikia redioni wametangaza kifo cha mtu mwingine kabisa mwenye jina hilo, nashtuka. Lakini mimi ni mke wa mwanawe, na katika ukoo nilioolewa mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe. Hatamki jina lake, hakai naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja, na hamgusi hata ncha ya kidole. Kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama nilivyomwita kabla ng'ombe hawajaletwa nyumbani kwetu.

Mwalimu ana kisukari. Mimi nafanya kazi maabara, kwenye kituo cha afya huku Nyahanga, mjini Kahama. Katika ukoo mzima mimi ndiye niliyejua namba zake zina maana gani, na mimi ndiye pekee nisiyeruhusiwa kumwambia. Kwa miaka mingi nilimwona akielekea shimoni huku nikiwa nimepiga magoti kwa adabu, hatua kadhaa kutoka alipokaa, nikimpa shikamoo.

Shule aliyotufundishia iko Kagongwa. Maabara yake ilikuwa chumba chenye masinki manne, na hapakuwa na sinki hata moja lililotoa maji. Siku ya zoezi la bafa ilijulikana kwa harufu. Asubuhi Mwalimu alipitia buchani, akanunua maini ya ng'ombe kwa pesa yake, akayaponda kwenye kinu cha mama mkwe wangu. Wakati huo hakuwa mama mkwe wangu, alikuwa tu mke wa Mwalimu, mama mmoja aliyelalamika kila mwaka kwamba kinu chake kinanuka. Maini yaliyopondwa aliyachanganya na maji, akayachuja, akayamimina kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Pembeni aliweka chupa nyingine yenye maji matupu. Kisha akakamua ndimu.

Vikaratasi vya kupimia asidi vilikuwa haba, kwa hiyo alivichana kwa wembe viwe vyembamba, na ole wako upige chafya karibu yake. Tone moja la ndimu kwenye maji, kikaratasi kikawa chekundu. Tone moja kwenye maini, hakuna kitu. Akaongeza, akaongeza tena, kikaratasi kikabaki na rangi yake. Darasa likaanza kuyashangilia maini.

"Mnaona?" alisema, bila hata kutabasamu. "Maji hayana msimamo. Ukiyatilia ndimu yanakuwa asidi, ukiyatilia magadi yanakuwa magadi. Ini linakusikiliza, halafu linaendelea na shughuli zake."

Akatueleza kwamba ndani ya kila chenye uhai kuna vitu vinavyoikamata asidi ikizidi na kuiachia ikipungua, na kwamba vitu hivyo ndivyo bafa. Damu ya mtu, alisema, ina nafasi ndogo sana ya kusogea huku au kule, na ikitoka hapo mtu hayupo tena. Ndiyo maana bafa haiachwi ifanye kazi peke yake. Mapafu yanatoa asidi kwa pumzi, figo zinaitoa kwa mkojo, na sisi tunajua tu kwamba tumeshiba na tunaenda kulala.

Kuna aliyeuliza itakuwaje tukiendelea kutia. Mwalimu akasema tuendelee. Ndimu zikaisha, tukahamia maji ya betri, yeye akidondosha kwa mkono wake kwa sababu hakutuamini. Kikaratasi kilikaa vilevile, kikakaa, halafu kwa tone lisilotofautiana na mengine kikawa chekundu chote.

"Bafa haiagi," alisema, akatuambia tuoshe vyombo.

Maini ambayo hayakupondwa aliyachoma nyuma ya maabara, tukala na chumvi. Naamini nusu ya wanasayansi waliotoka shule ile walipatikana kwa njia hiyo.

Baada ya zoezi hilo aligawa wanadamu wote katika makundi mawili. Mtendaji wa kata alikuwa maji. Mkuu wa shule alikuwa maji, tena ya moto. Mke wake alikuwa ini. Padri alimsumbua kwa muda mrefu, hadi siku kipaza sauti kilipozimika katikati ya Misa na padri akaendelea kuhubiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Jumatatu tukaarifiwa kwamba padri ni ini. Mimi aliniangalia nikiwa kidato cha tatu, nikishika chupa kwa mikono inayotetemeka, akasema, "Wewe bado hatujakupima." Niliumia wiki nzima. Sijui kwa nini, maana alichosema kilikuwa kweli.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea aidharau mila. Wapi! Hakuna aliyeishika mila ya ukwe kama yeye. Nilipoolewa na mwanawe, mtu aliyenifundisha kushika kipima matone alianza kugeuza uso nikipita na sinia. Wengine kwenye ukoo walikuwa wamelegea kidogo, wanasema dunia imebadilika, wanapeana mikono kwenye misiba. Yeye, ndoa ya kanisani imefungwa na picha zinapigwa, alisimama upande wa pili wa keki. Mume wangu alipomuuliza kwa nini msomi mzima anafanya hivyo, alijibu kwamba ukoo nao una asidi yake, na mila ndiyo bafa. Watu wanaoishi ua mmoja, alisema, wakikosa kitu cha kuwatenganisha, wataunguzana. Mume wangu alikuja kunieleza akicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekwishaiona familia.

Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa kuongea, na ukoo ule ulikuwa umejaliwa mtu mmoja tu wa kuongea naye habari za damu na figo, na mtu huyo ni mimi. Tatizo hilo alilitatua kwa redio. Tulipokwenda kumsalimu, yeye alikaa barazani mgongo ukielekea jikoni, redio mapajani, akaiuliza redio maswali.

"Redio," alikuwa akisema, "hivi hizi mashine mpya za kupimia damu, zinasoma na asidi?"

Na mimi nikiwa jikoni naiambia sufuria, "Sufuria, hizo ziko hospitali kubwa. Sisi kwetu hatuna."

"Redio, hilo ni jambo la aibu."

"Sufuria, nimewaambia."

Mama mkwe alipita katikati yetu na kuni, hatazami kulia wala kushoto. Mazungumzo hayo ndiyo matamu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na mtu mzima yeyote, na nilipokuwa barabarani kurudi Kahama nilikuwa nayarudia kichwani.

Ng'ombe wa mahari yangu nao wanahusika hapa. Kwa kawaida baba wa bwana harusi hawasindikizi ng'ombe, wanapelekwa na ndugu. Nao ndugu zake, kwa kuogopa kwamba wazee wetu wangemkataa ng'ombe yeyote mwenye mbavu zinazoonekana, walifanya walichoona ni ujanja. Usiku kucha waliwalisha pumba laini kutoka mashineni, na maji ya chumvi juu yake, ili waamke wana matumbo ya kupendeza. Walipendeza kweli. Mmoja alipendeza hadi akalala chini, anasaga meno, tumbo limejaa na kinyesi kinatoka kama uji wenye harufu ya togwa iliyochacha.

Mwalimu aliwakuta alfajiri wakibishana ni nani aliyewaroga. Akanusa mdomo wa ng'ombe. Akaagiza magadi jikoni, akayavuruga kwenye maji, akayanywesha kwa chupa ya soda huku ndugu wawili wakishika pembe. Kisha akawasomesha pale pale zizini. Ng'ombe akicheua, alisema, anameza mate siku nzima, na ndani ya mate yake kuna kitu cha jamii ya magadi kinachotuliza tumbo. Nyasi zinamfanya acheue. Pumba inachacha haraka, haimpi nafasi ya kucheua. "Mmempa asidi na mkamnyima dawa yake. Halafu mnatafuta mchawi."

Akawafuata ng'ombe hao hadi nyumbani kwetu kwa miguu, nyuma ya yule mgonjwa, shati limejaa madoa ya magadi. Wajomba zangu walipoanza kukagua, hakungoja. Alimwonyesha ng'ombe kwa kidole, akasema huyu ana asidi tumboni, tumemlisha upumbavu, akifa nitaleta mwingine. Ndugu zake walitamani ardhi ipasuke. Wajomba walijadiliana kwa Kisukuma kama huyu mzee ni mkweli mno au ana mpango wa kuvunja posa. Baba yangu ndiye aliyekata shauri. Alisema mtu anayejisema mwenyewe mbele ya wakwe ni mtu wa kuozesha binti kwake. Ng'ombe yule alipona, akazaa, na kwetu wakamwita Magadi.

Na mume wangu alipopata kazi Katoro, kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, Mwalimu alimtembelea na vikaratasi vyake mfukoni. Kule mchanga uliokwisha kusagwa na wachimbaji, ule wanaouita marudio, unalowekwa kwenye matangi na sumu ya sayanaidi, na chokaa inatiwa kwanza na kupimwa kila mara, maana maji yakigeuka kuwa asidi, sumu hupanda hewani ikiwa gesi. Mwalimu alizunguka matangi mikono nyuma. Alirudi amefurahi kuliko siku ya ndoa yetu. Aliiambia redio kwamba hatimaye ameona wanafunzi wasiosahau somo.

Sasa nije kwenye sukari, maana hapo ndipo nilipomwelewa kidogo kuliko popote. Mtu huyu aliyejua damu inavyosimama aliweka vijiko vinne kwenye kikombe cha chai. Alimeza vidonge vyake kwa chai hiyo hiyo. Alipenda matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, na alikula bakuli zima akisikiliza taarifa ya habari. Mama mkwe alificha sukari kwenye pipa la mpunga, naye akaipata kwa kufuata sisimizi. Akiulizwa, alisema mwili una bafa. Nilikuwa nasikia hasira hadi masikio yananiwaka. Aliyetuonyesha kikaratasi kikigeuka ghafla ni yeye, na sasa alikuwa anajitilia matone.

Nilituma ujumbe kupitia mama mkwe, kwa kuwa ndiyo njia halali. Nilimwambia, "Mama, mwambie baba akiendelea hivi damu yake itajaa asidi, atapoteza fahamu, na huenda asiamke." Kesho yake nilimuuliza alivyomwambia. Alisema amemwambia hivi: "Mkweo anakusalimu sana, anasema chai upunguze kidogo."

Likaja kundi la ukoo kwenye simu. Nikaona njia imefunguka, kwa sababu wazee walioweka mila hawakuisema simu. Niliandika kwa wote, bila kumtaja mtu, kwamba wenye kisukari wasile matobolwa na waje kupima kila mwezi. Shangazi wa mume wangu, dada yake Mwalimu, mlinzi mkuu wa mila katika ukoo ule, alijibu kwa picha ya mikono inayosali. Mwalimu aliandika, "Ujumbe umepokelewa." Mama mkwe akaniambia baadaye kwamba aliuandika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulikuwa kwenye bakuli.

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa zamu. Tulikuwa wawili kituoni, mimi na afisa tabibu, naye alikuwa chumba cha uzazi na mama ambaye mtoto wake alikuwa anakuja vibaya. Bajaji ikaingia hadi mlangoni. Akashuka mama mkwe, akasaidiana na dereva kumteremsha Mwalimu. Alikuwa ametoka msibani, siku kadhaa bila vidonge, na kidonda mguuni ambacho hakumwonyesha mtu. Wakamkalisha kwenye kiti cha maabara, kando ya meza yangu.

Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyekimbia, na hakuwa amekimbia popote. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nilijua ninachokitazama. Damu imejaa asidi, na mapafu yanajaribu kuitoa yote kwa pumzi.

Mama mkwe alitazama chumba chote. "Mayu, mama yangu, hakuna mwanaume humu?"

"Daktari yuko na mzazi, mama. Hawezi kumwacha."

"Basi tumsubiri."

"Hasubiriki huyu."

"Wataongea, mwanangu. Unamjua wifi yangu. Watasema umemvua baba yako heshima."

"Mama, nikimgusa watanisema. Nisipomgusa tutamzika."

Akajifunika uso kwa kanga, akaanza kulia bila sauti. Nikabaki nimeshika sindano, na aibu yangu, mimi mwanamke mzima mwenye cheti, ilikuwa kwamba mkono haukusogea. Miaka yote ile ya kupiga magoti ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Mwalimu hakuwa na pumzi ya kusema neno. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Akahangaika na kifungo cha mkono wa shati, kikamshinda, akakikata kwa kuvuta. Kisha akanyoosha mkono, akaulaza juu ya meza yangu, kiganja juu.

Nilimshika. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto. Kipima sukari kilikataa kuandika namba, kikaandika tu kwamba iko juu kuliko uwezo wake. Nilimfungia dripu ya maji mwenyewe na kwenda kumgongea afisa tabibu mlango. Alitoka na glovu za damu, akatazama, akaagiza insulini, akaita gari la wagonjwa. Mtoto kule ndani alilia wakati tunampandisha Mwalimu kwenye gari. Alikaa hospitali kubwa karibu mwezi. Alipoteza kidole kimoja cha mguu, na kila mtu alisema ametoka kwa bei nafuu.

Shangazi hakusahau. Mwalimu aliporudi nyumbani, Shangazi aliitisha kikao. Akasema mila imevunjwa, si kwa nia mbaya, lakini imevunjwa, na aliyemgusa mkwe anajulikana alipo. Wazazi wake walete mbuzi wa kuosha kosa hilo, la sivyo watoto wangu, Kulwa na Doto, wakipata mafua ataulizwa nani? Mimi nilikaa jikoni, natazama majivu. Baba yangu ni mzee, hana mbuzi, na niliona aibu kumpelekea habari hiyo.

Mwalimu akaomba fimbo yake, akasimama, akaenda zizini polepole na ule mguu. Akarudi na mbuzi dume, yule mkubwa, akamfunga kwenye nguzo ya baraza.

"Huyu hapa mbuzi," alisema.

"Kaka, wa nini?" Shangazi aliuliza. "Anayelipa ni aliyegusa."

"Ndiyo. Mimi nilinyoosha mkono nikaulaza kwake. Yeye alikuwa amesimama tu."

"Tangu lini baba mkwe akalipa?"

"Ukitaka wawili nitaleta wawili."

Akachinjwa huyo mmoja. Shangazi alipewa kidari, akala, na mila ikaonekana kuridhika. Mimi nilikatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili nipate sababu ya macho yangu.

Siku hizi anakuja kituoni kila mwezi. Wanaume wa maabara wapo, na mmoja ana mkono mzuri kunishinda. Mwalimu anamwambia, "Asante, kijana, nasubiri," na anabaki kwenye benchi hadi meza yangu iwe wazi. Anaingia, anakaa, anatazama ukuta kama mila inavyotaka, na anaweka mkono mezani, shati limeshakunjwa. Nami namfunga mpira, natafuta mshipa, na hatusemi kitu. Tumefanya hivyo mwaka mzima.

Juma lililopita sindano ilipoingia hakutazama ukuta. Alinitazama mimi, usoni, kama alivyokuwa akinitazama darasani.

"Una mkono mwepesi, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumwambia mambo mengi, nimeyabeba muda mrefu. Nilibandika pamba, nikasoma kipimo, na kwa mara ya kwanza nikamjibu yeye mwenyewe.

"Baba," nikasema, "sukari bado iko juu."